Wiski ya Ireland iliyolala kwenye mapipa ya aina tatu: hii harufu ya nazi na asali inatoka wapi? (niko Tabora)

Mrina wa Isevya

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nyumbani tumebishana mpaka shemeji kanuna.

Iko hivi. Mpwa wangu yuko Dublin anapiga kazi, mwezi huu kaja likizo na kaniletea chupa moja ya wiski inaitwa Method and Madness, ya Ireland, kwenye lebo imeandikwa single pot still, kilevi asilimia 46. Sasa mi sio mtu wa vikali, nikinywa ni bia mbili za Jumamosi na wanzuki kidogo nikiwa porini na wazee, kwa hiyo chupa ya heshima namna hii nimekaa nayo siku nne naitazama tu juu ya kabati kama picha ya harusi. Jana jioni baada ya ugali na dagaa nikasema liwalo na liwe, nikafungua, tulikuwa watatu, mimi, shemeji na fundi jirani yangu.

Kunusa tu nikasema hii asali. Na mi kwa asali sibahatishi jamani, ndo kazi yangu miaka na miaka, hii sio asali ya alizeti wala ya wapi, hii asali ya miyombo kabisa, ile nzito inayokwenda wekundu. Nikapiga funda dogo ikaja nazi, yaani tui lile la kwanza kabla hujaongeza maji. Alafu mwishoni inakauka mdomoni kama umetafuna kaganda ka karanga. Fundi yeye hakusikia asali wala nazi, kasema anasikia mbao iliyopigwa randa sasa hivi. Shemeji kasema hamna lolote, wazungu wametia rangi na marashi humo, ni soda ya wakubwa.

Mpwa wangu anaapa hakuna kitu kilichotiwa. Anasema ilikaa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba bourbon, ile wiski ya Marekani, na mengine yaliyobeba sheri, alafu ikamaliziwa kwenye mapipa ya mti mwingine kabisa unaitwa chestnati wa Ufaransa. Nikatafsiri kwa simu mambo ya hayo mapipa ya kwanza ni ya mti gani ikanijibu "mwaloni".

Sasa maswali yangu, kweli mbao tupu inaweza kutoa nazi na asali bila kuwekwa nazi na asali? Na kwa nini wahangaike kuhamisha kutoka pipa la mti huu kwenda la mti ule? Na la mwisho msinicheke, huku kwetu tumejaa mninga na mkurungu, hivi hakuna mtu amewahi kufikiria?

Kibirizi_Junior

Mkuu unasema wiski imelala mwaloni? Huku Kigoma mwaloni ndo hapa ninapoandikia, mitumbwi imepaki na dagaa wameanikwa kwenye mchanga mpaka kule. Kama ilikaa mwaloni basi hiyo nazi uliyosikia ni mafuta ya migebuka 😂😂

Mrina wa Isevya

Ndo nilivyoelewa na mimi mwanzo!! Nikajua wanahifadhi karibu na bahari.

Mwl. Mstaafu

Vijana, mwaloni ni jina la mti. Fungueni Mwanzo sura ya 18, Abrahamu alitokewa katika mialoni ya Mamre. Hamkuwa mnasikiliza kanisani mlikuwa mnasinzia.

Kaunta ya Mwanga

Nipo kaunta huku Kigoma mwaka wa tisa sasa ngoja nijibu ninayoyajua, nitaandika ndefu leo umeme umekatika na wateja wamehamia kwa jirani mwenye jenereta.

Kwanza mwambie shemeji arudi mezani maana mpwa wako hadanganyi. Wiski ikitoka kwenye mtambo inakuwa nyeupe kama maji ya mvua, haina rangi kabisa. Sehemu kubwa ya utamu unaousikia inaingia ikiwa ndani ya pipa. Kuna kampuni zinaongeza rangi ya sukari iliyounguzwa ili chupa zote zifanane hilo lipo na linaruhusiwa, ila marashi ya nazi hapana, ukitia hayo huruhusiwi tena kuiita wiski ya Ireland.

Nazi yako inatoka wapi? Inatoka kwenye mwaloni mweupe wa Marekani. Ule mti una mafuta fulani ndani wanaita laktoni, na harufu yake ndo hiyo hiyo ya nazi, tena laktoni ya mwaloni wa Marekani ni nyingi kuliko ya mwaloni wa Ulaya. Kwa hiyo nazi umeipata kwenye yale mapipa ya bourbon na sio kwenye chestnati. Wamarekani sheria yao inasema bourbon lazima ilale kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, wakishatoa bourbon yao pipa halina kazi tena kwao, wanauza. Mnunuzi ndo hao Ireland na Scotland. Ni pipa la lita 200 hivi, na bado lina vanila na sukari iliyoungua kwenye ngozi yake, limetolewa makali tu na mlevi wa kwanza.

La sheri lenyewe ni baba lao, lita 500, linatoka upande wa Jerez kule Hispania, sheri ni mvinyo wa zabibu ulioongezwa nguvu. Hilo linaleta zabibu kavu, tende, karanga karanga hivi. Siku hizi mapipa mengi yanalowekwa sheri makusudi ili yauzwe kwa watu wa wiski, biashara imegeuka, pipa lina thamani kuliko kilichomo.

Sasa chestnati. Hapo ndo Ireland wamewapiga bao jirani zao. Scotland sheria imewafunga, ni mwaloni tu, ukilaza kwenye mti mwingine hiyo sio Scotch. Ireland sheria inasema pipa la mbao, basi. Ikae kwenye kisiwa cha Ireland si chini ya miaka 3, pipa lisizidi lita 700, kilevi kisishuke chini ya asilimia 40. Kwa huo mwanya wa neno "mbao" wale jamaa wa Midleton, kule Cork ambako Jameson inatengenezwa, mwaka 2017 wakatoa hiyo Method and Madness na kuanza kucheza, mara chestnati, baadaye mcheri mwitu, na mingine. Chestnati ina vitundu zaidi ya mwaloni, pombe inaingia ndani zaidi na inatoka na tanini, ndo ule ukavu wa ganda la karanga uliosema. Kwa hiyo ulimi wako uko vizuri mkuu.

Kitu kimoja tu sikielewi. Asali. Asali kidogo kwenye wiski za Ireland ipo watu wengi wanaisikia, lakini asali ya miyombo nzito inayopiga pua kabla ya kitu kingine? Hapana. Ulinywea glasi gani?

Mzee wa Viroba

Maneno meeengi. Ikishuka kooni inachoma, asubuhi kichwa kinauma. Zote ni moja.

Buni ya Ujiji

Asalaam alaykum. Mimi pombe sinywi na sitakunywa ila hili la harufu limenivuta maana mi ni muuza kahawa, natembeza birika kila siku Ujiji huku.

Watu wanashangaa mbao kutoa harufu ya vanila lakini mbona hawashangai kahawa? Chukua buni mbichi ya Kalinzi inuse, ni majani majani tu, kama njegere kavu. Iweke kwenye chungu ukaange, mwanzo inatoa harufu ya mkate, ukiendelea inakuja ya karanga, ukiendelea inakuja ya sukari iliyoungua, ukizubaa dakika moja imekuwa mkaa na umekula hasara. Nani aliweka karanga? Moto ndo umefungua. Huyo ndugu wa kaunta kasema pipa linachomwa ndani, basi mi hapo nimeshaelewa, pipa ni buni kubwa.

Na nyongeza, ukiwa umekula dagaa wa pilipili usinuse kitu cha thamani mpaka upite muda. Mi wateja wangu wa kashata wanajua, kahawa kwanza, kashata baadae.

Kaunta ya Mwanga

@Buni ya Ujiji umeeleza vizuri kuliko mimi wallahi. Ndo hivyo hivyo, mbao ina kitu kinaitwa lignini, ndo gundi ya asili inayoshika mti usimame, ikipigwa moto inavunjika inatoa vanila.

FundiRanda_Urambo

Nimeona swali la mninga nikasema hapa hamtanikosa.

Mrina, mi nimechonga mninga tangu nikiwa darasa la sita natumwa kufagia vumbi karakana ya baba. Naipenda hiyo mbao kuliko ndugu zangu wengine. Ila pipa la kinywaji la mninga mi silitengenezi hata ukinipa ng'ombe. Sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni maji. Mbao zote ukiziangalia kichwani zina vitundu, ni mirija ambayo mti ulikuwa unapandishia maji. Kata kipande cha mninga kirefu kama kidole, chovya upande mmoja kwenye maji ya sabuni alafu puliza upande wa pili, mara nyingi utaona mapovu. Mwaloni mweupe wa Marekani, nimewahi kuletewa kipande na padri mmoja kilichotoka kwenye kiti cha zamani, nilipuliza mpaka masikio yakaziba, hakuna kitu. Ule mti ukishakomaa mirija yake ya ndani inajiziba yenyewe. Ndo maana unashika maji miaka 12 bila gundi bila msumari, ni vipande vimekunjwa kwa moto na mvuke vikabanwa na pete za chuma, basi. Hiyo ya kukunja mbao ukaibana bila gundi mi naiheshimu sana, wale jamaa ni mafundi.

Ya pili ni hilo jekundu. Mnajua mninga ukiukata unatoa utomvu kama damu, wazee walikuwa wanatumia kupaka rangi na kwenye dawa. Kitu kinachotumika dawa hukiachi kwenye pombe miaka 3 alafu ukanywa glasi ukijisifu, hujui umekunywa dozi gani. Na vumbi lake lenyewe mafundi tunalijua, wengine linawakaba kifua wengine ngozi inawasha. Mimi mwenyewe nikipiga randa mkurungu bila kitambaa puani usiku silali. Sasa mbao ambayo vumbi tu linakukaba unataka kuiloweka unywe maji yake??

Kwa hiyo jibu la kwa nini hakuna mtu amefikiria, wamefikiria sana, ila waliofikiria vizuri wameacha.

Dogo wa Gongoni

Fundi umetishia watu bure. Mi nna wazo la pesa. Gongo ipo hapa hapa, safi ya kuwaka moto wa bluu, tunatafuta pipa hata la mwembe (miembe Tabora imejaa toka enzi za misafara) tunachoma ndani tunajaza tunaacha mwaka. Inatoka na rangi yake, tunaweka lebo. Nani yuko na mtaji tuongee inbox

Sista wa Zamu

Dogo, nafanya kazi wodini na nimepokea watu wa hiyo "safi ya kuwaka bluu". Mtu analetwa na wenzake anasema tu "sista mbona mmezima taa" na ni saa sita mchana. Ile ni methanoli, inakwenda moja kwa moja kwenye macho, na pipa haliiondoi. Ulaze mwaka ulaze kumi, mbao inaongeza rangi na harufu na sumu iko pale pale, tena utakuwa umeifanya inukie vizuri ili mtu anywe nyingi zaidi. Na huo moto wa bluu haupimi chochote, methanoli nayo inawaka hivyo hivyo, mchana hata huuoni. Bila kusahau gongo yenyewe ni kosa kisheria na wewe umeandika hapa mbele za watu na jina la mtaa wako.

Dogo wa Gongoni

Nimefuta wazo sista

Kibirizi_Junior

Amefuta wazo ila komenti ameiacha 😂

Mrina wa Isevya

Wakuu nimesoma zote asanteni sana, fundi wa Urambo shikamoo yako naituma kwa basi.

Sasa Kaunta ya Mwanga kuhusu glasi. Uliponiuliza nilitaka kukasirika kidogo, nikasema huyu anaona watu wa Tabora hatuna glasi. Nikaenda jikoni kuiangalia. Jamani. Ile glasi ni ya kibandani kwangu. Nina glasi nne fupi nazitumia kuonjesha wateja asali kabla hawajanunua, naweka vijiko viwili wanaonja. Mama watoto aliona glasi za nyumbani hazitoshi, akachukua moja ya kibanda akaisuuza kwa maji ya baridi. Asali na maji ya baridi mnajua wenyewe, chini pale kwenye kona ya glasi imebaki imeganda kama gundi. Fundi na shemeji walinywea glasi za kawaida, mi peke yangu ndo nilipewa ile. Nimebishana saa nzima na watu wazima, nimemwita shemeji hana pua, kumbe ni asali yangu mwenyewe 🙈

Kaunta ya Mwanga

😂😂😂😂 Nilijua!! Miaka tisa mkuu. Kuna siku mteja alirudisha bia anasema ina samli, kumbe alikuwa ametoka kupaka nywele.

Haya sasa ionje upya na fanya hivi. Glasi ioshe kwa maji ya moto na suuza mpaka isinuke kitu, hata sabuni isinuke. Kama una glasi iliyofunga mdomo juu, ya mvinyo au hata kikombe kidogo cha kahawa kama cha yule bwana wa Ujiji, ni bora kuliko pana. Weka kidogo, vidole viwili ni vya sinema, wewe weka kimoja tena kidogo cha mtoto. Usizamishe pua, asilimia 46 itakupiga kofi usisikie kitu tena nusu saa, weka glasi chini ya kidevu, acha mdomo wazi kidogo, ipandishe taratibu. Funda la kwanza ni la kuuambia mdomo kwamba kuna mgeni, usilihukumu. La pili ndo unalisikiliza. Alafu ongeza matone ya maji, matone sio kumwaga, kwa kijiko cha chai. Kuna watu wa chuo cha Linnaeus kule Uswidi mwaka 2017 walilifanyia hesabu za kompyuta hili wakaona maji kidogo yanasaidia baadhi ya harufu kupanda juu ya glasi badala ya kuzama ndani, wanywaji wa zamani walikuwa wanafanya tu bila kujua.

Barafu weka pembeni kwanza najua Tabora mwezi huu jua linawaka, lakini baridi inafunga pua ya kinywaji.

Na fanya mchana kabla hujala.

Mwl. Mstaafu

Samahani nitoke nje kidogo. Mrina amesema single pot still iko kwenye lebo? Mwanangu alinieleza kwamba ile ni shayiri iliyooteshwa na ambayo haijaoteshwa zimechanganywa, na kisa chake ni kodi. Mwaka 1785 kimea, yaani hiyo iliyooteshwa, kiliwekewa kodi, basi Waairishi wakapunguza kimea wakaongeza shayiri mbichi kukwepa. Ladha ikabaki mpaka leo. Nilifundisha historia miaka 34, ningekuwa na mfano huu darasani wasingelala.

Buni ya Ujiji

Kimea si ndo kile cha ulezi mama zetu wanaanika? Kumbe dunia nzima wanaotesha nafaka.

Mzee wa Viroba

Mwalimu hapo kwenye kukwepa kodi ndo umenivutia. Naomba kujua zaidi

Kaunta ya Mwanga

@Mwl. Mstaafu ndivyo inavyosimuliwa. Ile shayiri mbichi ndo inaleta uzito wa mafuta mafuta kwenye ulimi na kale kapilipili. Kwa hiyo Mrina usiipe mbao sifa zote, ukisikia kama pilipili manga katikati hapo ni nafaka imechangia.

FundiRanda_Urambo

Swali kwa kaunta, huko kwao baridi. Hivi pipa la aina hiyo likiletwa Tabora likalala hapa ingekuwaje? Maana mbao ya huku inapumua vibaya, Oktoba milango inalegea, masika inagoma kufunga.

Kaunta ya Mwanga

Fundi umegusa penyewe. Kwao Ireland pipa linapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka linavyopumua, wanaita fungu la malaika. Kwa pipa la lita 200 mwaka wa kwanza ni lita kama 4 zimekwenda hewani. Sehemu za joto fungu hilo linakuwa kubwa zaidi, na mbao inatoa vitu vyake haraka, kwa hiyo hulazi miaka 12, ukilaza hivyo unafungua unakuta mbao tupu na malaika wote wamelewa. Pale unaangalia mapema unaonja onja. Huo mlango wako unaolegea na kugoma kufunga ndo kitu chenyewe, pipa nalo linafanya hivyo, joto pombe inasukumwa ndani ya mbao, baridi inarudi na kile ilichokikuta huko.

Mrina wa Isevya

Nimerudi. Jumapili mchana saa tano, sijala kitu zaidi ya chai kavu. Tulikuwa wale wale watatu na mpwa wangu, kikao rasmi, glasi tatu zimechemshiwa maji na kikombe kimoja cha kahawa.

Asali imepotea. Nimeitafuta kweli kweli maana nilitaka angalau kidogo ibaki nisiaibike, haipo. Kuna utamu fulani mwepesi, ila sio wangu. Nazi ipo, na shemeji safari hii kaisikia mwenyewe kabla sijasema, kaweka glasi chini kaniangalia tu. Funda la pili ikaja kitu kama zabibu kavu zile za kwenye keki, mpwa akasema hiyo sheri hiyo. Alafu katikati kweli kapilipili manga kapo, mwalimu na kaunta hamkukosea.

Tukaongeza maji, matone matatu kwa kijiko. Hapo ndo kitu kilinishangaza. Ule ukavu wa ganda la karanga ukalainika na nyuma yake ikatokea harufu ambayo nilikuwa naijua lakini siwezi kuitaja, nikakaa nayo mdomoni muda mrefu, nikaja kuikumbuka. Ni mzinga mpya wa gome. Ukibandua gome la mti ukalizungushia na kulishona kwa vijiti ule uwe mzinga, kabla nyuki hawajaingia, ukichungulia ndani kuna harufu ya utamu wa mti unaokauka, kali kidogo puani. Ndo hiyo. Asali ikikaa kwenye mzinga wa gome na ikikaa kwenye mzinga wa sanduku la mbao za msonobari mi naweza kukutenganishia macho yamefungwa, na wateja huwa nawaambia wananiona natafuta bei. Fundi jirani kapewa kikombe cha kahawa, kanusa mara moja kasema "si nilisema siku ya kwanza, mbao ya randa", kamaliza kikombe chote kwa funda moja kaenda zake kazini.

Shemeji amekubali kwamba sio soda. Ila anasema ya kwake ibaki bia.

Kaunta ya Mwanga

Mzinga wa gome 👏 Hiyo hata wenyewe Midleton hawajaiandika kwenye lebo. Chupa imebaki kiasi gani?

Mrina wa Isevya

Robo. Nimeificha nyuma ya debe la asali kubwa, na kizibo nimekikaza kisije kikashika harufu tena.

Sista wa Zamu

Na wewe usije ukaanza kuionja kila saa tano asubuhi kwa kisingizio cha utafiti.

Kibirizi_Junior

Mkuu ikiisha chupa usitupe, nitumie kwa treni. Mama kaiona hapa kwenye picha ya mtandaoni kasema ni nzuri ya kuwekea mawese.